Furaha wakati maisha yamekaza: Wabudha wanamaanisha nini haswa?

Kama unauza mitumba unaijua ile dakika ya kukata mkanda wa belo. Umeshalipa hela yote, hujaona kitu, mzigo umebanwa mpaka umekuwa kama jiwe, unachukua kisu unakata mkanda wa kwanza na nguo zinaumuka zenyewe kama unga uliotiwa hamira, na hapo hapo kwa harufu tu na zile rangi za juu unaanza kujua kama mwezi huu mtakula vizuri ama mtakopa. Mimi hapa soko la Owino, Kampala, nimekata mabelo mengi lakini lile la mwezi wa pili lilikuwa na balaa lake, blauzi zina madoa kwapani, zipu zimekufa, zingine zimechanika mgongoni kabisa, na hela yenyewe niliikopa sako, chama chetu cha kuweka na kukopa, na wiki hiyo hiyo shule zinafungua na watoto wawili wanadaiwa fizi, yaani ada.

Jirani yangu wa kushoto, mama mmoja wa Bukavu, naye alikata lake asubuhi ile ile. Lake likatoka safi, nguo zingine bado zina lebo za dukani. Akaniita kwa Kiswahili chao cha Kongo, "Dada, kuya uone!" nikaenda nikaona, nikacheka kwa meno tu, ndani ya moyo kuna kitu kinawasha kama pilipili.

Naanzia hapo kwa sababu karibu kila kitu Budha alichofundisha kuhusu furaha kiko ndani ya asubuhi ile, ubaya wake upo na dawa yake ipo, ila mimi ilinichukua muda kuona.

Wenyewe tunasema baada ya dhiki faraja. Ni msemo mzuri na umebeba watu wengi, hata mimi umenibeba, Machi 2020 wakati wa korona walipofunga masoko ya vitu visivyo chakula tulikuwa tunapigiana simu tunaambiana hivyo hivyo, baada ya dhiki faraja, na shule zilifungwa mwezi huo huo na hazikufunguka kabisa kabisa mpaka Januari 2022. Lakini ukiusikiliza vizuri, huo msemo unaweka furaha ng'ambo ya mto. Kwanza dhiki iishe ndio faraja ije. Na kama dhiki haiishi je? Ukimaliza fizi inakuja kodi ya nyumba, ukimaliza kodi mama anaumwa kijijini. Waislamu watanikumbusha kwamba Kurani inasema pamoja na uzito upo wepesi, pamoja, sio baada, na nakubali, hiyo picha iko karibu sana na ninachotaka kueleza. Kwa Wabudha furaha ni chakula cha njiani, unakila ukiwa bado unatembea na mzigo kichwani, maana usipokila hufiki.

Ukitaja Ubudha hapa Uganda watu wengi wanashangaa kwamba hata upo. Upo. Garuga, ukiacha barabara ya Entebbe ukashuka upande wa ziwa, kuna Kituo cha Wabudha cha Uganda, kilianzishwa 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda mzaliwa wa hapa hapa, ambaye alikutana na haya mafundisho mwaka 1990 akiwa mwanafunzi India na akatawazwa kuwa mtawa 2002 huko California. Wanafuata Theravada, ile njia ya zamani inayofuatwa Sri Lanka, Myanmar na Thailand, na mengi ninayoandika hapa yanatoka upande huo, kwenye maandiko ya lugha ya Kipali. Na ile sanamu ya mzee mnene mwenye kitambi anayecheka, unayoiona kwenye maduka ya Wachina, yule sio Budha, ni mtawa wa China aliyeitwa Budai aliyekuja miaka zaidi ya elfu moja baadaye. Budha mwenyewe, Siddhartha Gautama, alikuwa mtu, kazaliwa Lumbini ambayo leo iko Nepal, akafa na miaka 80.

Sasa ile sentensi ambayo kila mtu ameisikia, eti Wabudha wanasema maisha ni mateso. Hakuisema hivyo. Kwenye hotuba yake ya kwanza, kwenye bustani ya wale wanyama swala pale Sarnath karibu na Varanasi, alisema kuna kitu kinaitwa dukkha, na akakitaja kwa vitu tunavyovijua wote: kuzeeka, kuugua, kufa, kukaa na usiowapenda, kutengana na unaowapenda, kutaka kitu na usikipate. Neno lenyewe ni pana, linabeba maumivu ya jino na linabeba pia ile hali ya kwamba hata kizuri hakikai, chai tamu inapoa, mtoto mliyecheka naye jana anakua anahama. Halafu akaendelea, na hapa watu hawafiki: dukkha ina chanzo, inaweza kuisha, na kuna njia ya kufika huko. Daktari akikuambia una malaria na akakuandikia dawa, hutoki nje ukasema daktari amesema maisha ni malaria.

Chanzo alichokitaja kinaitwa tanha, maana yake kiu, ule uchu wa kung'ang'ania. Na fundo liko hapa. Kama kiu ndio inaleta taabu, basi si furaha nayo ni mtego? Si bora mtu akauke tu, asipende kitu, asifurahie kitu, ili siku kikiondoka asiumie? Nilifikiri hivyo muda mrefu, na nawajua watu wanaogopa kabisa kukaa kimya kutafakari kwa sababu wanadhani watatoka hapo wamekuwa mawe. Kumbe Budha mwenyewe alishapotelea hapo hapo, na jinsi alivyotoka ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Aliondoka kwao akiwa na miaka 29. Kwa miaka kama sita akatafuta ukombozi kwa kuutesa mwili, akapunguza chakula mpaka maandiko yanasema akishika ngozi ya tumbo anashika na uti wa mgongo, akipapasa mikono nywele za mwili zinang'oka na mizizi yake. Alikuwa anaamini raha yoyote ni adui. Na hakufika popote. Ndipo ikamjia kumbukumbu moja ya utotoni, baba yake yuko kwenye shughuli zake, yeye ameketi peke yake kwenye kivuli cha baridi chini ya mti wa jambu, moyo umetulia na furaha imemjaa bila mtu yeyote kumpa kitu. Jambu ndio mzambarau. Ndio hii jambula yetu, ile ile watoto wanapanda kuichuma wanarudi na mashati ya shule yameharibika.

Akajiuliza: kwa nini naiogopa raha hii, ambayo haina uchu ndani yake wala ubaya? Akaona hakuna sababu ya kuiogopa. Akaona pia mwili uliokauka vile hauwezi kuibeba, basi akaanza kula, wali, chakula cha kawaida. Wenzake watano waliokuwa wanamhudumia wakamkasirikia wakaondoka, wakasema amelegea amerudi kwenye anasa. Lakini kutoka pale ndio akaenda kukaa chini ya mti pale Bodh Gaya, India, na akaamka, yaani akaiona kweli akawa Budha.

Nikiwaza hilo huwa nanyamaza kidogo. Mtu amejaribu kila aina ya mateso, na kilichomfungulia njia ni kumbukumbu ya mtoto aliyefurahi chini ya mzambarau.

Kwa hiyo kuna furaha na furaha. Ipo inayokula kwa kukamata, nimepata, ni yangu, isiondoke, na hiyo kweli ina mtego kwa sababu hofu inakuja nayo mlango mmoja. Na ipo inayokuja mkono ukilegea. Hii ya pili hawakuiogopa hata kidogo, wameichambua kama mkulima anavyochambua mbegu. Wanatofautisha piti na sukha. Buddhaghosa, mtawa aliyeandika Sri Lanka kwenye karne ya 5, ametoa mfano ambao mtu yeyote aliyewahi kutembea juani anauelewa: msafiri amechoka jangwani, akaona maji kwa mbali pembeni ya msitu, ule mchangamko unaompanda ndio piti, halafu akifika akaoga akanywa akakaa kivulini, ule utulivu ndio sukha. Na piti yenyewe ina madaraja, kuna ndogo tu ya kusimamisha nywele mwilini, kuna inayomulika mara moja kama radi, kuna inayokuja inarudi inakuja inarudi kama mawimbi yanavyopiga ufukwe. Katika yale mambo saba ambayo wanasema yanampeleka mtu kuamka, piti imo, imekaa katikati ya bidii na utulivu. Yaani sio mapambo. Bidii bila furaha inakatika, sisi wa soko tunajua hiyo, mtu anayefanya kazi na moyo uliokufa utamuona mwaka wa pili kaacha kibanda.

Turudi kwenye belo langu. Kuna mafundisho ya mishale miwili, na kama utachukua kitu kimoja tu humu chukua hiki. Mtu asiyejizoeza akipatwa na maumivu ni kama amechomwa mshale, halafu hapo hapo akachomwa wa pili. Wa kwanza ni maumivu yenyewe, wa pili ni kulia, kujipiga kifua, kuchanganyikiwa juu ya yale maumivu. Aliyejizoeza anachomwa mmoja. Angalia, hawasemi hachomwi. Budha mwenyewe alishawahi kuumizwa mguu na kipande cha jiwe, akalala chini na maumivu makali, na uzeeni mgongo ulikuwa unamuuma mpaka anamwambia mwanafunzi wake aendelee kufundisha yeye anyooshe kidogo. Mshale wa kwanza ni wa kila mtu.

Mshale wangu wa kwanza ulikuwa blauzi zilizochanika. Uliuma asubuhi moja. Wa pili nilijichoma mwenyewe siku kama tisa mfululizo, saa tisa za usiku macho yako kwenye mabati, mimi mjinga, yule muuzaji alinijua tu, shemeji yangu atacheka, watoto watarudishwa nyumbani mbele ya wenzao, mimi sina bahati tangu nizaliwe. Hakuna hata neno moja katika hayo lililoshona zipu.

Na mafundisho hayo hayo yanasema kitu kingine ambacho kwangu ni kizito sana: mtu asiyejua njia nyingine ya kutoka kwenye maumivu anakimbilia anasa, kwa sababu ndio mlango pekee anaoujua. Sio kwa sababu ni mbaya. Ndio maana sigombani na kijana anayetoka kusukuma mkokoteni siku nzima akapitia kwenye beti ama kwenye pombe ya waragi, ule ndio mlango alioonyeshwa. Kukuza furaha kwa namna ya Kibudha ni kumuonyesha mtu kwamba kuna mlango mwingine, na hauna kiingilio.

Upo wapi sasa? Kwangu mimi ulianza na vifungo. Siku ya kumi nilikaa chini nikachambua lile belo kipande kwa kipande, zinazoshoneka huku za kupeleka kwa fundi, zilizokufa huku za kuuzia mafundi wa magari wafutie mikono, na kabla ya kutupa nikawa nakata vifungo. Jirani mmoja alishanipeleka Garuga mara mbili, nikafundishwa kukaa na pumzi tu, pumzi inaingia najua inaingia, inatoka najua inatoka. Nikafanya hivyo na mkasi mkononi. Kifungo kimoja cha rangi ya maziwa, ukikigeuza kwenye mwanga kinatoa kijani kidogo na waridi kidogo, kilikuwa kwenye blauzi mbovu kuliko zote. Nilikitazama muda mrefu. Sikusema belo ni zuri, belo lilikuwa bovu na deni liko pale pale. Ila kwa dakika zile mshale wa pili haukuwepo, na kitu kidogo kikasimamisha nywele za mkono, nikajua ndio ile ya daraja la kwanza. Kwenye mafundisho ya pumzi kuna hatua 16, na ya tano ni kujizoeza kuvuta pumzi huku unaihisi hiyo furaha, yaani ni zoezi, mtu anajifunza kama anavyojifunza kushona, hukai kuingojea ije.

Kuna zoezi lingine gumu zaidi, na hili ndilo lilinihusu mimi na mama wa Bukavu. Wanaliita mudita, kufurahia heri ya mwenzio. Wameliweka pamoja na upendo unaomtakia kila mtu mema, huruma kwa anayeteseka, na moyo uliotulia sawasawa. Nikiwa mkweli, huruma kwangu ni rahisi. Jirani akipata msiba nitakuwa wa kwanza kubeba sufuria. Jirani akipata belo zuri ndipo najijua mimi ni nani.

Buddhaghosa alilijua hilo, kwa hiyo hakuanzishi na mtu mgumu. Unaanza na rafiki mpenzi, na amemueleza ni rafiki wa namna gani: yule ambaye muda wote amechangamka, anayecheka kwanza ndio anaongea. Mimi nilimpata hapo hapo, kijana anayetuletea chai na chapati, hajafika kibandani umeshasikia kicheko chake. Unamuweka moyoni, unasema ndani kwa ndani, huyu ana furaha, na idumu, isipungue. Ukizoea unahamia kwa mtu usiye na neno naye, kwangu mwendesha boda mmoja wa steji ya pale juu ambaye hata jina simjui. Ndio baadaye unamgusa yule anayekuwasha. Siku za kwanza nilipofika kwa jirani yangu maneno yalikuwa makavu mdomoni kama unga wa muhogo. Na walimu wengi wa siku hizi wanasema mudita ina adui wa mbali na adui wa karibu. Wa mbali ni kijicho, huyo unamuona akija. Wa karibu anafanana nayo, ni kushangilia kwa sababu na wewe umenusa faida, jirani ameuza sana unachangamka kwa kuwa atakukopesha. Huyo alinidanganya mara nyingi.

Mtu anaweza kusema mudita ni ya watu walioshiba. Mimi naona kinyume, maskini ndio anaihitaji zaidi, kwa sababu maskini anaishi kwa jirani. Nikienda choo nani anaangalia kibanda? Mvua ikinyesha ghafla nani anavuta turubai upande wangu? Kijicho kinanikatia kamba ninayoning'inia. Na tena, heri ndani ya soko ipo kila siku, ila tu haiji kila siku kwangu. Leo iko kwa huyu, kesho kwa yule wa viatu, kesho kutwa binti wa mwenye mgahawa amefaulu mtihani. Kama najua kufurahi pale ilipo, kuna siku ngapi nitakosa?

Nipite haraka kwenye furaha ya dhamiri safi ingawa ina uzito wake. Wanaeleza mfululizo: mtu akiishi bila kudhuru hana majuto, asiye na majuto moyo wake unachangamka, mchangamko unazaa piti, mwili unatulia, raha inakuja, akili inakusanyika. Na wanasema mwenye tabia njema hana haja hata ya kuomba asiwe na majuto, inakuja yenyewe. Mimi niliona kwenye zile blauzi. Kuna namna ya kuikunja nguo ili doa liende ndani, sote tunaijua. Nilipoanza kumuonyesha mteja doa kabla hajauliza nilipoteza bei kidogo, na nililala. Kutoa nako ni hivyo hivyo, wanasema furaha ya mtoaji ina nyakati tatu, kabla hajatoa, wakati anatoa, na baada, kwa hiyo hata ukimpa mtu nusu ya kikombe chako cha chai umefurahi mara tatu.

Lakini lazima niseme hili maana linaniuma. Mafundisho kama haya yanaweza kutumiwa vibaya, mtu ana hela anakuja kumwambia asiye nayo atulie afurahie pumzi. Hapana. Kuna kisa kwenye vitabu vya nidhamu vya watawa, Budha akiwa anapita na Ananda, mwanafunzi aliyekuwa anamhudumia, akakuta mtawa mmoja anaharisha, amelala kwenye uchafu wake, wenzake wamemuacha kwa sababu eti hana kazi kwao. Budha hakumpa somo la kuvumilia. Alimtuma Ananda maji, akayamwaga yeye mwenyewe, Ananda akamuosha, mmoja akashika kichwa mwingine miguu wakamlaza kitandani. Halafu akawaambia wale watawa kwamba anayetaka kumhudumia yeye, amhudumie mgonjwa. Kwa hiyo mshale wa kwanza ukiweza kuchomolewa, uchomolewe, nenda kliniki, dai hela yako. Nilirudi kwa aliyeniuzia belo nikamwambia ukweli. Hakunirudishia kitu, ila niliongea bila sauti kutetemeka, na hiyo nayo ilitoka kwenye yale mazoezi ya asubuhi, mtu ambaye hajajichoma mwenyewe ana nguvu ya kusimama mbele ya mwingine.

Na kwenye msiba usimwambie mtu afurahi. Mama mmoja wa enzi zile, Kisagotami, alipofiwa na mwanae akawa anazunguka amembeba anaomba dawa, Budha hakumwambia kifo si kitu. Alimtuma atafute punje za haradali kwenye nyumba ambayo hakuna aliyewahi kufa. Alipiga hodi mlango kwa mlango, punje zipo, nyumba ya namna hiyo haipo. Yale machozi hayakuzibwa, yalipata wenzake. Furaha, kama itakuja, ina siku yake, na anayeijua ni mwenye msiba.

Kuna picha moja ya mwisho ambayo naibeba kila siku nikipanda takisi asubuhi. Budha ana miaka 80, ametoka kuugua sana wakati wa mvua, anamwambia Ananda kwamba mwili wake sasa ni kama mkokoteni mzee unaotembea kwa sababu tu umefungwa fungwa kamba. Anajua hana muda mrefu. Halafu wanakwenda kukaa kwenye mahali patakatifu panapoitwa Capala, nje ya mji wa Vesali, na huyu mzee wa kamba kamba anaanza kusifu, Vesali panapendeza Ananda, akataja na mahali pengine pa mji ule kwa zamu, hapa panapendeza, pale panapendeza. Siku alipoondoka mjini aligeuka na mwili mzima, kama tembo anavyogeuka, akautazama mara ya mwisho.

Juzi jioni tulikuwa tunafunga vibanda, deni la sako limebaki kidogo, mvua ya Kampala imeshaanza kunusa. Akapita mtoto na beseni la jambula. Mama wa Bukavu akanunua za shilingi elfu moja, akazimwaga kwenye kaveera moja, mfuko wa plastiki, katikati yetu, tukawa tunakula tumekaa juu ya mabelo, lake na langu. Akaniuliza mbona nacheka. Nikamwambia, mama toa ulimi tuone. Akatoa, umekuwa zambarau mpaka kwenye koo, akasema na wewe toa, nikatoa.